Wino wa Dagahaley

Barabara ya Nairobi kwenda Dagahaley hupitia Thika na Mwingi, huvuka mto Tana kwa daraja la Garissa, kisha hukata nchi tambarare ya mchanga mwekundu, migunga na mathenge hadi Dadaab, kilomita zipatazo 100 mbele. Dagahaley iko kaskazini ya mji huo. Ni mojawapo ya kambi tatu za mwanzo: Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992, na zote tatu zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000 waliokimbia vita vya Somalia. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipozidi ng'ambo ya mpaka, idadi ya wakimbizi wa Dadaab ilipita 460,000. Msafiri anayefika hapa huwa amekwisha kuzisoma hesabu hizi, na mara nyingi huondoka akiwa ameziona tu: mabomba ya maji, mgawo wa chakula, hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka, mikokoteni ya punda, korongo wakisubiri kando ya majalala. Mimi nimeiendea Dagahaley kwa swali ambalo ni nadra kuulizwa juu ya kambi yoyote: nani hapa ni mchoraji wa jadi, aliyeupata ufundi wake kwa mwalimu, akaishi nao umri mzima, naye akaurithisha? Ninashikilia kwamba mtu huyo yupo, si mmoja bali wengi, na wanaonekana kila asubuhi. Ni maalim wa duksi, shule ya Kurani ya Wasomali. Hatujamhesabu kwa sababu tumezoea kuitafuta sanaa ukutani, ilhali yake iko juu ya ubao unaooshwa.

Tuanze na vifaa, kwa maana ufundi wa mkono hujulikana kwa vifaa vyake. Mwanafunzi wa duksi huandikia loho, ubao mwepesi uliochongwa na kusawazishwa hadi uso wake ukubali wino bila kuunywa. Wino wenyewe hutengenezwa papo hapo. Makaa husagwa yakawa unga laini, yakachanganywa na maji au maziwa, kisha yakatiwa gundi ya mgunga ili rangi ishike juu ya mbao na isifutike mkono unapopita. Gundi hiyo haitoki mbali; nyika ya Garissa na Wajir ni nchi ya migunga itoayo gundi, na wafugaji wameichuma tangu kale. Kalamu ni kijiti au tete lililokatwa ncha kwa mshazari, na mshazari huo ndio unaoamua herufi inenepe wapi na ikonde wapi. Mtoto hujifunza mapema kwamba wino mzito hukwama na wino mwepesi hutiririka, na kwamba kalamu iliyochakaa huchongwa upya. Anayedhani haya ni mambo madogo na awaulize wachoraji wa mahali popote duniani wanaosaga rangi zao wenyewe. Mafunzo ya miaka ya mwanzo ya mchoraji yalikuwa hayahaya kabla ya rangi kuuzwa madukani: kuijua rangi kwa kuitengeneza, kuujua mstari kwa kuukosea.

Kisha kuna mkono wa maalim. Humwandikia mwanagenzi herufi, naye akazifuatisha. Kwa kumtajia alama za irabu hutumia mbinu ya Kisomali ambayo mapokeo huinasibisha na Sheikh Yusuf al-Kawneyn, anayejulikana kwa Wasomali kama Aw Barkhadle, ambaye kaburi lake liko upande wa Hargeisa. Mwanafunzi akishapevuka, maalim humsomea aya kwa imla naye akaziandika mwenyewe. Hapa ndipo mgeni anapopaswa kusimama na kutazama kwa makini. Wanafunzi hawako mahali pamoja katika msahafu. Huyu yuko sura hii, mwenzake yuko nyingine kabisa, na maalim humpa kila mmoja sehemu yake kwa zamu, kutoka kichwani, bila kitabu mkononi, huku jicho lake likikagua mistari iliyokwisha kuandikwa. Nukta iliyokaa vibaya huonekana. Herufi iliyobanwa hupanuliwa. Loho ikishahifadhiwa huoshwa, ikakauka, ikaandikwa tena, na mzunguko huo huendelea kwa miaka hadi msahafu mzima uwe umepita katika mkono wa mtoto na kukaa moyoni mwake. Sijui mafunzo mengine ya mstari, katika shule yoyote ya Kenya, yanayomtaka mtoto atumie kalamu na wino kwa nidhamu ndefu kiasi hicho.

Maisha ya maalim mwenyewe yana umbo linalojulikana, na ni umbo la safari. Katika jamii za wafugaji duksi ilihama pamoja na ngamia. Watoto walileta kuni, moto ukawashwa, na masomo yakasomwa kwa mwanga wake baada ya mifugo kurudi zizini. Malipo yalikuwa mifugo, na mnyama mkubwa zaidi alitolewa mtoto alipohitimu. Vita vya 1991 vilipovunja maisha hayo, maalim walikimbia pamoja na watu wao, wengi wakitokea upande wa mto Juba wa Somalia. Wengine walifika bila mnyama hata mmoja. Lakini shughuli yao ilikuwa na sifa ambayo kazi nyingine nyingi hazikuwa nayo: haikuhitaji kibali, wala mtaji, wala jengo. Kivuli cha mti kilitosha, na makaa yalikuwepo. Kabla ya kambi kupangwa vizuri kwa mitaa na vitalu, duksi ilikuwa imekwisha kuanza. Malipo yakawa fedha kidogo kutoka kwa wazazi ambao nao hawana kitu, na kwa kawaida asiyeweza kulipa mtoto wake hafukuzwi. Kijana aliyefika Dagahaley mwaka 1992 akiwa na miaka 25, akifundisha, leo anakaribia 60, na wanafunzi wake wa kwanza ni wazazi wa wanafunzi wake wa sasa. Hiyo ni kazi ya maisha kamili, iliyotendeka ndani ya mahali palipoitwa pa muda.

Ili kuliona jambo hili kwa upana wake, inafaa kuvuka bahari hadi Taiwan. Mwaka 1949, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha China kwa ushindi wa Wakomunisti, maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia kisiwa hicho, na miongoni mwao alikuwamo Pu Ru, mzaliwa wa Beijing wa mwaka 1896, mjukuu wa mwanamfalme wa ukoo wa Qing na binamu wa mfalme wa mwisho wa China. Alikuwa bingwa wa mchoro wa jadi wa wino: milima, miamba, misonobari, kwa brashi ileile inayoandika herufi. Mjini Taipei alifundisha katika chuo cha ualimu ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ualimu cha Taiwan, ambako Huang Junbi, mchoraji mwingine aliyehamia, aliongoza idara ya sanaa kwa muda mrefu. Pu Ru alifariki mwaka 1963 bila kurudi kwao. Jambo linalonihusu hapa ni jinsi alivyofundisha. Alijihesabu kuwa msomi kwanza na mchoraji baadaye. Aliyetaka kujifunza kuchora kwake aliambiwa asome vitabu vya kale, ajifunze mwandiko na mashairi, na mchoro ungefuata wenyewe. Leo Taiwan inamhesabu kuwa mmoja wa nguzo za sanaa yake. Hakuna anayesema kwamba hakuwa msanii kwa vile alilitanguliza andiko, wala kwamba kazi yake ya ualimu haistahili kuandikwa kwa vile aliifanya akiwa mtu aliyekimbia. Mwenye mji mkuu, chuo na makumbusho nyuma yake hupewa heshima hiyo bila kuombewa. Maalim wa Dagahaley ana nyuma yake uzio wa miiba na kitambulisho cha mkimbizi, na kwa sababu hiyo kazi ileile, ya kuulinda mkono wa jadi ugenini kwa njia ya kufundisha andiko, hupita bila jina.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa maalim wenyewe, na ni zito kuliko yote. Watasema: hii ni ibada, si sanaa, na kuiita sanaa ni kuishusha. Naliheshimu neno hilo. Hata hivyo, historia ya pwani yetu inaonyesha kwamba waliotangulia hawakuona ugomvi kati ya ibada na uzuri wa mkono. Kaunti ya Garissa inapakana na Lamu, na katika kisiwa cha Pate, mjini Siyu, waandishi wa karne za 18 na 19 walinakili misahafu kwa mkono, wakaipamba kurasa zake kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakatia mapambo ya mimea na maumbo yaliyosukwa pembeni mwa aya. Leo misahafu ya Siyu inachunguzwa na wanazuoni kama kilele cha sanaa ya kitabu katika Afrika Mashariki. Hakuna aliyeona kwamba kupamba kulipunguza ucha Mungu. Kulikuwa sehemu yake. Watunzi wa tenzi nao walikuwa na desturi ya kuanza kwa kuagiza wino, kalamu na karatasi njema, kwa sababu maneno matukufu hayakustahili kuwekwa juu ya kitu kibaya. Na kombe, aya iliyoandikwa kwa zafarani kisha ikaoshwa na kunywewa na mgonjwa, ni ushahidi kwamba huku kwetu herufi iliyoandikwa vizuri ilihesabiwa kuwa na uzito hata baada ya kufutwa. Mwandishi wa Siyu na maalim wa Dagahaley ni ndugu wa ufundi mmoja. Kinachowatenganisha leo ni sheria zaidi ya dini: mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali cha safari, kwa hiyo Lamu, iliyo jirani kwenye ramani, ni mbali kwake kuliko Mogadishu.

Wengine watasema kwamba kusiko na sura ya kiumbe hakuna uchoraji. Hoja hii haihitaji maneno mengi. Uislamu wa nchi nyingi umeepuka sura za viumbe katika mahali pa ibada, na matokeo yake yakawa mojawapo ya mapokeo makubwa ya mwandiko na mapambo duniani, kuanzia Fez hadi Isfahan. Na China yenyewe, ambako hakuna katazo kama hilo, mwandiko ulihesabiwa kuwa sanaa ya juu kuliko mchoro. Anayetaka picha za vitu na aende sokoni: desturi ya Wasomali ya kuchora bidhaa kwenye kuta za maduka, ili asiyesoma ajue kinachouzwa ndani, imewafuata popote walipokwenda. Naipenda sana. Lakini mchoraji huyo wa kuta alijifunza kwa nani mkono wa kwanza wa kuchora mstari ulionyooka? Mara nyingi jibu linarudi kwenye loho.

Pingamizi linalofuata ni la kweli kabisa: hakuna kinachobaki. Mchoraji huacha picha. Maalim huosha kila kitu. Hutapata hata kipande kimoja cha kuonyesha kwamba mkono wake ulikuwa bora kuliko wa jirani yake. Hapa naomba tutazame upya jinsi tunavyoipima kazi ya mchoraji mwalimu hata pale picha zinapobaki. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Msasani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vibao vya mraba, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ni miaka michache mno. Picha zake mwenyewe hazikuwa nyingi, na zilizobaki ni adimu. Kilichofanya jina lake lijulikane duniani ni vijana wachache, wengi wao jamaa zake, aliowaketisha kando yake akawafundisha. Hao waliwafundisha wengine, na mtindo ukaishi. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere, aliacha picha kubwa ukutani mwa kanisa la kumbukumbu la Murang'a mwaka 1959, lakini nguvu yake kwa Kenya ilikuwa zaidi katika Paa ya Paa, nyumba ya sanaa aliyoianzisha pamoja na wenzake Nairobi mwaka 1965, ambako vijana walipata mahali pa kushika brashi. Nyumba hiyo iliungua mwaka 1997, na kazi nyingi zikateketea. Hakuna aliyesema kwamba ualimu wake uliteketea nazo. Tukikubali kwamba thamani ya Tingatinga na Njau iko kwa kiasi kikubwa katika mikono waliyoifunza, basi hatuna sababu ya kumnyima maalim kipimo hichohicho. Loho inayooshwa imeacha alama yake mahali pawili, moyoni na kwenye vidole, na kote kuwili unaweza kumkuta mtu mzima wa Dagahaley akiwa nazo miaka 30 baadaye, hata kama ameishia Minneapolis au Eastleigh.

Lipo jambo ambalo siwezi kulitetea, nalo ni fimbo. Duksi nyingi, hapa na kwingineko, zimefundisha kwa kuchapa, na watoto wameumia. Katiba ya Kenya ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikataza shuleni. Mtoto mkimbizi yumo ndani ya ulinzi huo sawa na mtoto wa Garissa mjini. Wanaoikosoa duksi kwa sababu hii wana haki. Wanapoongeza kwamba kuhifadhi bila kuelewa si elimu, hapo nasita, kwa kuwa mkono hauelewi kwanza ndipo ukajifunza. Huelewa kwa kurudia. Mwanafunzi wa mchoro wa jadi wa China alinakili milima ya mabwana wa kale kabla ya kuchora mlima wake. Fimbo inaweza kuondolewa na loho ikabaki. Wapo maalim wanaofundisha kwa upole, na watoto wao hawaandiki vibaya kuliko wengine. Kama kuna tofauti, ni kwamba wanakuja kwa hiari.

Wapo pia watakaoona kwamba kuzungumzia wino mahali penye uhaba wa maji na chakula ni kukosa huruma. Nimeipima hoja hii mara nyingi kwa sababu ndiyo inayotawala mipango yote ya kambi, na naona imekosea kuhusu watu inaowahurumia. Wakazi wa Dagahaley hawakungoja washibe ndipo wafungue duksi; waliifungua wakiwa bado na njaa, wakailipia kutoka katika kidogo walichokuwa nacho, bila mfadhili kuwashauri. Watu wenyewe wameshapanga vipaumbele vyao, na ndani yake wameuweka mkono wa mtoto unaoshika kalamu. Misaada inayoshughulikia tumbo peke yake huenda ikadhani inafuata mahitaji ya watu kumbe inafuata fomu zake.

Tishio lenyewe kwa ufundi huu haliko katika njaa. Misahafu iliyochapishwa inapatikana kwa bei nafuu, simu ina sauti za wasomaji mashuhuri wa Makka na Cairo, na daftari la mistari na kalamu ya wino wa kiwandani ni rahisi kuliko kusaga makaa. Vituo vingi vya kisasa vya kuhifadhisha vimekwisha kuiacha loho, na watoto wake huhifadhi vizuri tu. Faida yake siikatai. Ninachokihofia ni kwamba loho ikitoweka, hakuna mahali pengine kambini ambapo mtoto atajifunza kutengeneza rangi, kuchonga kalamu na kuutii mstari, kwa kuwa shule rasmi hazifundishi hilo. Shule za Dadaab hufuata mtaala wa Kenya, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 unataka sanaa ifundishwe tangu madarasa ya chini, tena kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto. Vifaa vya Dagahaley ni makaa, gundi ya mgunga, tete na ubao. Mwalimu wa darasa lenye watoto wengi kupita kiasi, asiye na rangi wala karatasi, huliruka somo hilo au hulifundisha kwa kueleza. Hatua chache kutoka kwake, chini ya paa la mabati, ameketi mtu aliyelifundisha kwa vitendo maisha yake yote.

Kuwaunganisha hawa wawili si ndoto. Kaskazini Mashariki imekwisha kujaribu, kwa miaka mingi, kuoanisha duksi na elimu ya awali ili mtoto asilazimike kuchagua. Kinachokosekana ni kumwona maalim kama mwalimu wa ufundi pamoja na kuwa mwalimu wa dini. Alipwe posho kwa saa chache za juma afundishe wino, kalamu na mwandiko darasani, pasipo fimbo na kwa kufuata kanuni za shule. Herufi za Kisomali za Kilatini, zilizorasimishwa mwaka 1972, zinaweza kuandikwa kwa kalamu ileile ya mshazari, vivyo hivyo Kiswahili. Loho chache, zilizoandikwa na maalim wazee kwa ridhaa yao, zihifadhiwe Garissa zisioshwe, zikiwa na maelezo ya jinsi wino ulivyotengenezwa, maana wazee hao hawatakuwapo milele, na serikali imewahi kutangaza kuifunga Dadaab, mwaka 2016, hadi Mahakama Kuu ikazuia mwezi Februari 2017. Sasa, kwa Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwaka 2025, mwelekeo ni kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida ambamo mkimbizi ataweza kufanya kazi na kufundisha kwa kibali. Hapo maafisa watawauliza watu wa Dagahaley ufundi wao ni upi: fundi bomba, mshonaji, dereva, mwuza duka. Fomu hizo bado zinaweza kuongezewa mstari mmoja.